Fundi Magoti na Sala Iliyogoma Kuisha

Goti la kulia la Fundi Magoti lilisema "ka!" na la kushoto lilisema "krrr", na mkewe, akiwa jikoni, aliweza kujua mumewe amefika wapi katika safari yake ya kutoka kitandani. Ka: ameketi. Krrr: anasimama. Ka na krrr kwa pamoja, zikifuatwa na "Ee Mungu wangu": anatafuta viatu. Hapo ndipo alipokuwa akimimina chai, na kwa miaka yote hiyo chai haikuwahi kupoa.

Jina la Magoti hakupewa na mama yake. Walimpa mafundi wenzake, maana kwa miaka thelathini na minne alikuwa akitandika marumaru sakafuni, na kazi hiyo haifanywi umesimama. Asubuhi unapiga magoti kwenye kona ya mbali ya chumba. Unarudi kinyumenyume marumaru moja baada ya nyingine, unagonga kwa nyundo ya mpira, unaweka pimamaji, unafumba jicho moja, na jioni unatokea mlangoni ukitanguliza makalio. Hivyo ndivyo alivyotoka katika benki, katika shule, katika zahanati mbili na katika majiko ya watu wasiohesabika. Wateja wake walikumbuka makalio yake kuliko sura yake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo na kulicheka.

Lakini kazi yake ya kwanza kabisa aliianzia mlangoni. Mtu wa fani hiyo akisikia hivyo hushika kichwa, kwa sababu anayeanzia mlangoni huishia ukutani, na marumaru mbichi haikanyagwi mpaka saruji ishike. Kijana wa watu alitandika kwa madaha huku akipiga mluzi, akagota ukutani, akageuka, akaona chumba kizima kimelala kati yake na dunia. Badala ya kuita mtu, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa uchangamfu usio na sababu. Mpwa wa mwenye nyumba, msichana wa makamo yake, akachungulia dirishani.

"Kaka, hutoki?"

"Nipo tu. Napenda hapa."

"Umejifungia."

"Sijajifungia, dada. Nasubiri kwa hiari yangu."

Msichana akampitishia chai na mkate dirishani, mara tatu siku ile, na kila mara alichelewa kidogo kuondoka. Mwaka uliofuata wakaoana. Tangu hapo mke alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua duniani, yaani sauti ya mumewe akiwa amekwama na hataki kusema. Ilikuwa sauti ya furaha tupu.

Sakafu ya kanisa lao nayo ilipita chini ya magoti yake. Aliifanya kwa kujitolea, na ilikuwa imenyooka kiasi kwamba ungemwaga maji yasingejua yaende wapi, isipokuwa marumaru moja mbele ya ngazi ya madhabahu, ya tatu kutoka kushoto. Ukiigonga kwa kidole inasema "bu", ishara kwamba chini yake kuna uwazi. Alikuwa ndiyo kwanza ameilaza, hajaikandamiza, habari ikamfikia kwamba mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Akaiacha na nyundo juu yake, akakimbia.

Mtoto alizaliwa mdogo, wa kulala ndani ya kiatu cha baba yake. Fundi hakuruhusiwa kuingia, basi akapiga magoti palepale kwenye korido ya hospitali, juu ya sakafu ya saruji, akakaa hivyo tangu alasiri. Manesi walimzunguka na vitoroli vyao kama watu wanaozunguka nguzo. Mmoja alipokuja kumgusa bega na kumwambia mtoto amekubali kunyonya, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na akatambaa hadi mlangoni kumwona. Binti aliishi. Alikua, akaenda shule, akaolewa mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Na Fundi hakuigusa tena ile marumaru, kwa kuwa alipenda kuisikia ikisema "bu".

Mama yake mzazi alikuwa amemfundisha sala kwa methali moja tu: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa bibi yule baraka zote zilikuwa mvunguni. Ukitaka afya, shuka. Ukitaka amani, shuka. Mtoto aliyesali amelala aliambiwa kwamba sala yake imekwama kwenye chandarua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kicheko kinapopata mzizi. Binti alipoolewa, alipata mimba, ikaharibika. Akapata ya pili, nayo ikaharibika. Na mara zote mbili, magoti ya Fundi yalikuwa yameshaanza kusema ka na krrr, kwa hiyo alimwombea akiwa ameketi kwenye kiti cha chumbani, kile cha mbao chenye mto wa kijani. Hakumwambia mtu. Ila moyoni alikuwa ameshakata shauri: aliyepigiwa magoti aliishi, walioombewa kitini walikwenda. Siku moja mkewe akakuta kiti kimetupwa uani.

"Kimekosa nini?" akauliza.

"Kina kunguni."

Mke alikikagua kiti kile chini na juu, asione kunguni hata wa dawa. Akakifuta vumbi, akakirudisha chumbani. Alielewa, na ilimuuma.

Kisha ikaja mimba ya tatu, na katika miezi ileile ikaja picha ya daktari. Daktari aliishika picha ya magoti kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamtazama mwenye magoti, akaitazama tena.

"Mzee wangu, magoti haya umeyatumia ya kwako na ya watu wengine watatu. Kupiga magoti, basi. Kuanzia leo."

"Na kazi?"

"Tandika za ukutani, umesimama."

"Na kanisani?"

Daktari akacheka. "Mungu hana ugomvi na kiti, mzee."

Fundi akashukuru, akatoka, akawaza kwamba daktari anajua mifupa, lakini mambo ya kiti na Mungu hayajui hata kidogo.

Kazini alitii. Alihamia kwenye kuta za mabafu, na mkewe akazitupa zile pedi zake za magoti za kazini ili asishawishike. Lakini mwezi wa tisa wa mimba ukafika, binti akalazwa Jumamosi, na Jumapili ya kesho yake ilikuwa zamu ya Fundi, kama mzee wa kanisa, kuongoza sala ya maombezi.

Inafaa kueleza sala hiyo, maana kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mzee wa zamu hupiga magoti mbele ya ngazi, na kanisa zima hushuka pamoja naye, kila mtu kati ya mabenchi. Hakuna anayeinuka kabla yake. Aliyeanzisha desturi hiyo hakumbukwi, lakini ilishikwa kuliko amri nyingine zilizoandikwa. Kwa kawaida sala ilichukua dakika sita. Rekodi ilikuwa kumi na moja, na hiyo iliwekwa na mzee mmoja aliyepitiwa na usingizi.

Fundi aliipenda saa hiyo kuliko zote kwa sababu ya miili. Alikuwa ameona, kwa jicho la mtu anayeishi sakafuni, kwamba kila mmoja huja mbele za Mungu na mwili wake wa wiki nzima. Fundi cherehani, mama mmoja mwenye ulimi, aliomba ameinama mbele, mguu mmoja ukikanyaga pedali isiyokuwepo. Dereva wa lori alishika benchi la mbele kwa mikono miwili na kulizungusha kidogo kwenye kona. Askari aliyestaafu alipiga magoti kwa hesabu, moja, mbili. Mpishi wa shule alifuta mikono kwenye sketi kabla ya kuikunja. Na yeye mwenyewe, mwili wake ukigusa sakafu tu, alitulia, maana hapo ndipo palipokuwa nyumbani.

Mchungaji, kijana mpole aliyetoka chuoni miaka miwili iliyopita, alikuwa amemwambia, "Mzee, omba umesimama. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitashuka," akajibu Fundi.

Jumapili asubuhi mkewe akamkuta uani nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, suruali ya kanisani imekunjwa hadi mapajani. Alikuwa ametengeneza pedi mpya kwa siri. Ndani sponji ya godoro la zamani, nje mpira wa tairi, na kamba za viatu za kufungia. Alishaivaa moja. Ya pili ilikuwa imemshinda, kwa sababu ili uifunge lazima ukunje goti, na goti ndilo lililokuwa tatizo lenyewe.

"Baba, mficha maradhi kilio humuumbua," mke akasema.

"Funga kamba, mama. Tutachelewa."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nisipige magoti. Mimi nitapigia sponji."

Mke akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Mzee mwenye mvi, mguu mmoja hewani kama jogoo, soksi moja imeingia kwenye kiatu na nyingine imegoma. Akacheka mpaka akajishika ukuta. Akapiga magoti yeye, akaanza kufunga. Kamba ilikuwa fupi, akaikamata kwa meno. Ndipo ilipolia kengele ya kwanza ya kanisa, ile ya saa mbili na robo, na Fundi, akiyumba juu ya ndoo, akainua macho.

"Ee Bwana," akasema, "mwangalie mtoto wetu huko aliko. Mimi nakuja rasmi baadaye, nikishafungwa hizi kamba."

"Amina," mke akajibu, kamba ikiwa bado kati ya meno.

Walifika kanisani wakiwa na furaha ya watoto waliotoroka shule. Suruali ilikuwa imevimba kwenye magoti kana kwamba Fundi amebeba mikate miwili, na mpishi wa shule alimuuliza kama ameumwa na nyuki. Mke akazima simu, kwa kuwa mchungaji alikuwa mkali kwa simu kuliko kwa dhambi, akaizika chini ya mkoba, akijiapia kuiwasha mara tu baada ya sala ya maombezi. Sala hiyo, kama ujuavyo, huisha kabla mtu hajatulia.

Zamu ikafika. Fundi akaenda mbele, akasimama juu ya marumaru yake ya tatu kutoka kushoto, akashuka. Hakuna ka. Hakuna krrr. Sponji ilimpokea kama kitanda cha wageni. Nyuma yake kanisa zima likashuka kwa kishindo kimoja kilaini, na furaha ikampanda kichwani mpaka akahofia atacheka. Aliomba vizuri. Alipofika kwenye "wote walio katika uchungu wa kuzaa saa hii", sauti ikakatika, na watu wote wakajua ni nani, wakamsaidia kwa mguno mrefu. Alimwambia Mungu kila kitu, kuanzia mtoto wa kwenye kiatu mpaka wale wawili. Dakika ya saba alikuwa amemaliza, mweupe moyoni, na amina ilikuwa ulimini.

Akajiinua. Hakuna kilichoinuka.

Akajaribu tena. Kiuno kilikubali, mapaja yalikubali, magoti yalikataa katakata. Yalikuwa yamejifunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Akaimeza amina. Lakini mtu wa kazi hakosi mpango wa pili. Upande wa kushoto, hatua mbili tu, kulikuwa na ukingo wa mbao wa madhabahu. Watu wamefumba macho. Atatambaa polepole huku akiendelea kuomba, ataushika ukingo, atajivuta. Suruali huteleza vizuri kwenye marumaru, alikuwa ameteleza hivyo maisha yake yote.

Alichosahau ni kwamba safari hii hakugusa marumaru kwa suruali tu. Chini ya kitambaa kulikuwa na tairi, na tairi lilikuwa bado na meno, na meno yaliishika sakafu kupitia kitambaa chenyewe. Alipojisukuma, likalia:

"Nyiii!"

"Amina!" likajibu kanisa.

Fundi akaganda. Akajisukuma tena kidogo.

"Nyiiii!"

"Amina! Bwana asikie!"

Hapo akaelewa kwamba hatatambaa. Na akaelewa kwamba watu mia mbili hawatainuka kabla yake. Basi akafanya jambo pekee lililobaki. Akaendelea kuomba.

Aliwaombea wagonjwa, kisha madaktari wao, kisha majirani wa madaktari. Aliombea mvua, akawakumbuka mafundi wa paa, akaombea isiwe nyingi. Aliwaombea wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani, na wale waliobaki nyumbani wakiwasubiri. Aliwaombea waliopoteza funguo. Aliwaombea wenye mabafu yanayovuja. Kadiri alivyozidi kukwama ndivyo alivyozidi kuchangamka, na sauti yake ikawa tamu kama ya mtu aliyepewa habari njema na kuambiwa asiitangaze bado. Akikosa neno aligonga marumaru kwa kidole, "bu, bu", na watu walioko nyuma, wakidhani anajipiga kifua, wakaanza kujipiga vifua vyao.

Dakika ya ishirini ikapita. Watoto walikuwa wamelala chini ya mabenchi. Dereva wa lori alimsamehe shemeji yake kwa sauti. Fundi cherehani akaangua kilio, akakiri kwamba ndiye aliyesema gauni la mke wa mchungaji ni pazia, na kwamba, Mungu amrehemu, bado anaona ni pazia. Mchungaji alikuwa akilia kwenye leso. Miaka miwili alikuwa ameomba uamsho, na sasa huo hapa, umekuja kupitia kwa fundi wa marumaru.

Dakika ya arobaini na kitu, mke wa Fundi, akiwa benchi la tatu, alisikia mumewe akiwaombea wenye mabafu yanayovuja kwa mara ya pili. Akafumbua jicho moja. Akasikiliza, si maneno, bali sauti. Furaha ile. Uchangamfu ule usio na sababu. Alikuwa ameusikia kupitia dirishani miaka thelathini na minne iliyopita.

Akainuka. Mtu wa kwanza katika historia ya kanisa lile kuinuka kabla ya mzee wa zamu, na hakuona haya hata kidogo. Akachukua kiti kimoja cha kwaya, akamgusa bega mwalimu wa kwaya aliyekuwa na mabega mapana, wakaenda mbele kwa vidole vya miguu. Akainama sikioni kwa mumewe.

"Umejifungia?"

"...na uwabariki wote wanaouza viatu, Bwana... Nimejifungia, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye wagonjwa."

"Kaa kitini."

"Kitini siwezi. Mtoto yuko leba." Na sasa sauti haikuwa na uchangamfu tena, ilikuwa nyembamba. "Unajua yaliyotokea nilipokaa kitini."

Basi alikuwa amelisema. Mke akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Baba yangu wee. Yule mzee wa kwenye Biblia aliyeomba mlimani wenzake wakipigana bondeni, alipochoka, aliwekewa nini? Aliwekewa jiwe, akakaa, wenzake wakamshika mikono. Hakumwambia Mungu asubiri kwanza miguu ipone. Na walishinda. Haya, inuka."

Akamshika kwapa moja, mwalimu wa kwaya akashika jingine. Ka! Krrr! Vilisikika hadi mlangoni. Tairi likatoa "nyiii" la mwisho, na Fundi Magoti akatua kitini, akiwa amelitazama kanisa zima lililopiga magoti mbele yake.

"Amina," akasema, kwa unyonge.

Wacha nikwambie kelele za watu mia mbili wakiinuka baada ya dakika hamsini. Mifupa ililia kama bisi kwenye sufuria. Waliopata ganzi walishikilia wenzao, wenzao walishikilia mabenchi, na askari mstaafu alihesabu moja, akashindwa kufika mbili. Mchungaji akapanda mimbarini, macho yamevimba.

"Ndugu zangu, leo tumetembelewa. Mzee wetu..."

"Mchungaji, samahani." Fundi aliinua mkono kutoka kitini. "Mimi sikutembelewa. Nilikwama."

Akapandisha suruali. Pedi mbili za tairi zikatazamana na kanisa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya, na kicheko chake kikashuka benchi kwa benchi mpaka nyuma. Mpishi akacheka ameketi sakafuni kwa kuwa hakuwa na nguvu za kufika benchi. Askari mstaafu akakiri kwamba tangu mwaka juzi huwa hapigi magoti, hukalia tu kisigino na kuinamisha kichwa. Bibi mmoja akasema sala zake zote za maana huzisalia mbele ya karai la vyombo, mikono kwenye povu. Dereva akasema zake ni kwenye foleni, macho wazi, na tafadhali mchungaji asimwombe ayafumbe. Hata mchungaji akacheka, kwanza kwa adabu, kisha kwa kweli, akasema kwamba yeye huomba amelala kifudifudi kwenye zulia na mara nyingi huamka na alama za zulia shavuni.

Katikati ya ghasia hiyo mke wa Fundi akafungua mkoba kutafuta leso ya kufutia machozi ya kicheko. Mkono ukagusa simu. Akaiwasha. Mkwe wao alikuwa amepiga mara saba, kisha akaandika. Akasoma, akakaa chini. Akasoma tena, akasimama juu ya benchi, mama mtu mzima na viatu vyake.

"Wa kike!" akapiga ukelele. "Mzima! Na mama yake mzima! Kazaliwa saa mbili na robo!"

Kwaya haikungoja mwalimu. Watu ambao dakika mbili kabla hawakuweza kusimama sasa walikuwa wakirukaruka kati ya mabenchi, na fundi cherehani alimkumbatia mke wa mchungaji, pazia na yote. Fundi peke yake hakuruka. Alikuwa kitini, midomo ikicheza.

"Saa mbili na robo," akamwambia mkewe alipomfikia. "Mama, saa mbili na robo nilikuwa wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Ulikuwa umekaa, mguu mmoja juu."

"Na nilimwambia nakuja baadaye."

"Inaonekana hakukungoja."

Fundi Magoti akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, huku bado anacheka, ikawa havitenganishwi. Kwa nini wale wawili walikwenda, hakujua, wala hakuna aliyejua. Ila haikuwa kwa sababu ya kiti. Miaka minne alikuwa amebeba kosa ambalo halikuwepo, na mkewe, aliyekuwa akilijua siku zote, alimshika kichwa kifuani mpaka mwimbo ukaisha.

Wiki ya tatu binti akaja nyumbani na mtoto. Fundi alimpokea uani, akamtazama mjukuu aliyefungwa kwenye kanga ya mama yake, akatangaza kwamba sasa ataomba sala ya shukrani. Akashika ukuta, akaanza kushuka. Ka.

"Wewe!" mkewe akamkemea. "Unakwenda wapi?"

"Si unajua alivyosema mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Huyu hayuko mvunguni. Yuko mikononi mwa mwanao. Na ukipiga magoti utampakata kwenye nini?"

Fundi akafikiri. Akajitazama mapaja. Miaka thelathini na minne hakuwa na mapaja ya kupakatia mtu, yalikuwa yamesimama wima juu ya magoti. Mke akaingia ndani, akatoka na kile kiti cha mbao chenye mto wa kijani, akakiweka katikati ya ua. Fundi akakaa. Binti akainama, akamlaza mtoto mapajani pake, naye mtoto akajinyoosha, akaenea vizuri tangu gotini hadi tumboni.

Babu akafumba macho, akayafumbua tena kwa sababu hakutaka kupitwa na kitu.

"Asante," akasema. Akatafuta neno jingine, hakuliona.

Mjukuu akamlowesha suruali.

"Amina," akasema mkewe, na kwenda kuleta kitambaa.